Feni ya rejeta haizunguki: ninunue mota?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Ikikimbia haina shida, ila nikikwama kwenye foleni pale Ubungo mshale wa temperecha unapanda hadi karibu na H, na feni ya rejeta imetulia tu. Fundi wa mtaani kachomoa soketi ya swichi ya feni, akaishoti (akaunganisha pini zake) kwa kipande cha waya, feni haikuzunguka. Anasema mota imekufa. Ninunue?

JIBU: Usitoe hela bado, ndugu yangu. Kipimo hicho kinafaa kwa magari mengi, lakini kwa Toyota za miaka hiyo kinadanganya, na kimeshawanunulisha watu mota za bure.

Magari mengi, maji yakipata moto swichi inaunganisha umeme na feni inawaka. Toyota waligeuza. Maji yakiwa ya baridi swichi imeunganisha, relei (swichi nyingine inayoendeshwa kwa umeme) inavutwa, na ikivutwa inakata umeme wa feni. Maji yakifika kama nyuzi 93 swichi inaachia, relei nayo inaachia, feni inazunguka. Yakishuka kwenye 83 hivi swichi inashika tena. Walikuwa na akili: waya wa swichi ukikatika, feni inazunguka muda wote badala ya injini kuchemka. Sasa fundi wako aliposhoti ile soketi aliliambia gari maji ni ya baridi. Ingezungukaje?

Fanya hivi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uone kama maji yamejaa, kwa sababu swichi ikizungukwa na hewa haipati joto la kuifanya iachie. Funga, kisha weka funguo kwenye ON bila kupiga stata. Chomoa soketi ya swichi iliyo upande wa themostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza injini (usichanganye na sensa ya kompyuta wala ile ya geji), iache ikining'inia, na mikono ikae mbali na mapanga.

Feni ikizunguka papo hapo, mota, fyuzi na relei ni nzima. Ubaya uko kwenye swichi, ambayo bei yake hailingani hata kidogo na ya mota.

Isipozunguka, angalia fyuzi ya feni kwenye boksi la boneti, halafu chomoa soketi ya mota yenyewe na uitazame kwa makini. Magari ya umri huu mara nyingi unakuta plastiki imegeuka kahawia na kuyeyuka pembeni ya pini, shaba imeota kijani. Hapo umeme unatoka kwenye betri vizuri na kuishia mlangoni mwa mota. Soketi ikiwa safi, ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili nene, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikikaa kimya, kisha ukaisukuma panga kwa kijiti ikaanza kuzunguka, kaboni (brashi za ndani ya mota) zimekwisha. Ikikataa kabisa, ndiyo ununue. Ikizunguka vizuri kwenye betri lakini si kwenye gari, rudi kwenye relei na waya.

Kuna atakayekushauri uunganishe feni "dairekti", izunguke muda wote. Kukutoa porini sawa, nimefanya mwenyewe. Kuishi nayo hapana, hasa umeme ukichukuliwa kwenye swichi ya funguo bila relei: ile swichi itaungua, na utakuwa na gari lisilowaka kabisa.

Ukibadilisha swichi, andaa kuulanti (maji maalumu ya rejeta) maana maji yatamwagika. Jaza, toa hewa, acha injini iungurume sailensi, bila kukanyaga mafuta, hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, ndipo urudi kwenye foleni.