Kabla ya Kukariri Maana za "Dig", Anza na "Chimba"

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Dar es Salaam. Wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima wanaotoka kazini: waongoza watalii, wahudumu wa hoteli, wafanyabiashara wa Kariakoo. Karibu kila mmoja anakuja na daftari la maneno mazito aliyoyakariri. Nawashauri wayaweke pembeni kwanza, washike kitenzi kimoja kifupi na kukijua kwa undani. Huwa naanza nao na "dig".

Kamusi inasema ni kuchimba. Sasa umealikwa chakula, sahani zimeshapangwa, mwenyeji anasema "Dig in!" na hakuna jembe wala shimo. Anakukaribisha ujipakulie, ule. Ukisubiri aseme "welcome, eat", chakula kitapoa.

Jambo hili lisikutishe, maana sisi wenyewe tunachimba mengi yasiyo na udongo. Basi la mkoani likisimama porini na konda akatangaza muda wa kuchimba dawa, abiria hawaulizi ni dawa ya ugonjwa gani. Mtu akikuchimba mkwara, unajua umetishwa. Anayerudisha ugomvi wa mwaka juzi kwenye grupu la WhatsApp anaambiwa anafukua makaburi. Hakuna aliyekupa orodha ya maana hizo ukae uzikariri. Ulizijua kwa kusikiliza nani kasema, wapi, na neno gani limefuata. Fanya hivyohivyo na Kiingereza.

Neno linalofuata ndilo la kukazia macho. Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi: chimba, chimbia, chimbua. Kiingereza kinakiacha kitenzi kama kilivyo na kukiongezea kineno. "Dig up" ni kufukua, iwe bomba la maji au siri ya mtu. "Dig out" ni kukitoa kitu kilikofunikwa, kama risiti ya zamani iliyo chini ya droo. "Dig into" ni kupekua kwa kina, kama anavyofanya mwandishi wa habari na mkataba wenye utata. Ni pia kutia mkono mfukoni utoe hela. Na ileile "dig in" ya chakula, ukiikuta kwenye habari za vita, ni askari wanaojichimbia mahandaki wasiondoke. Karibu na hiyo kuna "dig in your heels": muuzaji amegoma kabisa kushusha bei hata shilingi mia.

Ikitumika kama nomino, waongoza watalii ndio wanaoihitaji zaidi. "A dig" ni kazi nzima ya uchimbaji wa mambo ya kale. Mgeni aliyetoka Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert anaweza kukuuliza "Who led the dig?" Anataka kujua nani aliongoza uchimbaji, kwa hiyo uwe na la kumjibu. Mwaka 1959 Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa hiyo ikapelekwa Berlin. Nawaomba sana wanafunzi wangu wasiishie kuwataja Wajerumani. Waliochimba kwa mikono na kuibeba mifupa hiyo hadi pwani walikuwa mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina hilo litamkwe.

Ukiongeza "at", nomino hiyohiyo inageuka kijembe. Kikao kimeanza saa mbili, wewe unaingia saa mbili na nusu, bosi anatabasamu: "How nice of you to join us." Maneno ni matamu, lakini hiyo ni "a dig at you". Ukijibu "thank you, sir" na kukaa, wenzako wataangaliana. Omba radhi kwa ufupi, ukae.

Sehemu moja inataka tahadhari kubwa. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mjomba wake anachimba dhahabu Geita, alimtambulisha kwa wageni kama "a gold digger". Kimantiki hakukosea, lakini siku hizi maneno hayo humaanisha mtu anayependa kwa ajili ya pesa. Mchimbaji mdogo ni "small-scale miner" au "artisanal miner". Andika hivyo hata kwenye barua na fomu, maana ni kazi ya heshima na inastahili jina lake.

Maana nyingine zijue kwa kusikia tu. "I dig it", yaani nimelipenda au nimelielewa, ilienea kwa wanamuziki weusi wa jazi nchini Marekani. Leo inasikika ya kizamani kidogo, kwa hiyo ielewe bila kuilazimisha mdomoni. "Digs" kwa Waingereza ni chumba cha kupanga, hasa cha mwanafunzi. "Digger" kwa Waaustralia ni askari wao, ingawa kwenye eneo la ujenzi neno hilo ni mashine ya kuchimbia.

Katika mazoezi, usiandike "dig = kuchimba". Andika sentensi nzima uliyoisikia, pembeni weka aliyeisema na mahali, halafu chini yake utunge ya kwako kuhusu kazi yako. Wakati uliopita ni "dug". Wanaosoma Biblia ya King James ya 1611 watakutana na "digged", kama pale Isaka anapochimba upya visima vya baba yake katika Mwanzo 26. Hiyo ibaki kanisani. Ofisini sema "dug".