Nyemo, kula karanga

Kongwa, mwezi wa sita

Mwanangu Nyemo,

Marahaba mama. Ujumbe wako niliupata jana usiku nikiwa nimeshazima taa. Nimeusoma mara mbili, nikaona jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu. Umeniuliza kama ni kweli ulivyoambiwa na mama mkwe wako: kwamba kwa kuwa mumeo ana pumu, na wewe utotoni ulikuwa na ukurutu, uache karanga, mayai, maziwa na samaki mpaka ujifungue, ili mtoto asizaliwe na mzio, yaani aleji. Mwishoni ukauliza lile ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi: kaka yako Yohana alipata pumu kwa sababu ya nilichokula nikiwa na mimba yake?

Nianze na Yohana. Katika mimba ile sikula yai hata moja. Bibi yako mzaa baba alisema mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa hana nywele, na mimi nilikuwa mke mgeni pale nyumbani, nisingeweza kumbishia. Samaki nao nilikatazwa. Miezi yote ile nilikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa siku yakipatikana. Alipofikisha miaka mitatu, kifua kikaanza kumlia usiku kama filimbi. Nilijinyima, na pumu ikaja. Wewe nilikubeba nikiwa tayari muuguzi, nikila mayai mbele ya watu, na kitu pekee kilichokupata ni ule ukurutu wa mikunjo ya viwiko, ukaisha kabla hujaanza shule. Lakini watoto wawili wa nyumba moja hawathibitishi kitu, kwa hiyo nikuambie yaliyopimwa kwa watoto wengi.

Mama mkwe wako hakulitoa hewani. Uingereza mwaka 1998 serikali yenyewe iliwaambia wajawazito wenye mzio katika familia kwamba wanaweza kuacha karanga. Mwaka 2009 ushauri huo ukaondolewa, kwa sababu haukuonekana kuwakinga watoto. Kisha mwaka 2015 yakatoka majibu ya utafiti uliofanyika London. Walichukuliwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu wakalishwa karanga mara kwa mara, nusu wakaepushwa nazo mpaka miaka mitano. Kati ya walioepushwa, kama 17 katika kila 100 wakawa na mzio wa karanga. Kati ya waliolishwa, 3 tu. Maelezo ya madaktari ni kwamba chakula kikipita tumboni mapema mwili hukizoea, ila kikiingia kupitia ngozi iliyochubuka kwa ukurutu, mwili hukipokea kama adui. Mimi niliyekupaka mafuta viwiko kila jioni, maelezo hayo yaliniingia moja kwa moja.

Kwa hiyo kula karanga zako. Kula yai lililoiva sawasawa, kunywa maziwa yaliyochemka. Kitu cha kuacha ni kile tu ambacho wewe mwenyewe ukikila midomo inavimba au mwili unawasha, na chako sikijui hata kimoja. Mtoto akitimiza miezi sita ya kunyonya tupu, mtilie karanga zilizosagwa laini kwenye uji. Nzima usimpe kabisa, zinapalia. Na akionekana na ukurutu mkali, mpelekeni kwanza kwa daktari kabla ya kumwonjesha.

Samaki ndio nisingependa uache hata wiki moja. Huko Denmark wanawake wajawazito zaidi ya 700 waligawanywa, nusu wakapewa mafuta ya samaki kila siku katika miezi mitatu ya mwisho, nusu mafuta mengine. Majibu yalitoka mwaka 2016. Watoto wenye pumu au kifua cha kulia kila mara walikuwa 24 hivi katika kila 100 upande wa mafuta mengine, na 17 upande wa mafuta ya samaki. Waliofaidika zaidi ni watoto wa wale mama ambao damu yao ilikuwa na mafuta hayo kidogo. Dozi ilikuwa kubwa, gramu 2.4 kwa siku, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba bakuli la dagaa litafanya kazi ileile, wala usikimbilie kununua vidonge bila kuuliza kliniki. Ila sisi wa huku mbali na ziwa na bahari tunaweza kumaliza mwezi bila samaki, na hiyo siyo sawa kwa mwenye mimba. Na vile vidonge vya kuongeza damu, najua vinakuchafua roho, meza baada ya kula usiku.

Sasa karanga zenyewe. Babu yako alifanya kibarua kwenye yale mashamba ya Waingereza hapa Kongwa, mpango wa mwaka 1947 uliokufa mwaka 1951 kwa ukame na udongo mgumu, na alichotufundisha ni kutoamini karanga kwa kuitazama juu juu. Usinunue zilizomenywa na kurundikwa sokoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga huishika vilevile. Hiyo haina uhusiano na mzio, inaharibu ini, na kuipika hakuiondoi. Jana nimekaa na ungo tangu saa tatu mpaka jua likawa utosini. Iliyosinyaa nimetupa, yenye doa jeusi nimetupa, iliyopasuka nimetupa, yenye unga wa kijani nimeichoma kabisa, hata kuku sikuwapa.

Nyemo, pumu inafuata ukoo. Baba mdogo wa baba yako alikuwa nayo, kwa hiyo siwezi kukuambia nani au nini kilimpa Yohana. Ila kama ningerudishwa kwenye mimba ile nibadilishe jambo moja, nisingeanza na sahani, ningeanza na jiko. Tulikuwa tunapika ndani ya tembe. Paa liko chini, moshi hauna pa kutokea ila mlangoni. Nilikuwa nainama kupuliza kuni, tumbo limegusa magoti, machozi yananitiririka, nakohoa mpaka nashika ukuta. Asubuhi nikipenga kamasi, leso inatoka nyeusi. Na baada ya kuzaliwa nikawa namfunga mgongoni humohumo.

Sasa wewe uliniambia kwamba baridi hii mnaingiza jiko la mkaa ndani. Litoe leo. Mkaa unawaka bila moshi wa kuonekana, lakini hewa yake inaua watu wazima usingizini, seuze kichanga. Shemeji yako naye akavutie sigara nje ya geti. Moshi wa sigara kwa mjamzito unajulikana kabisa kuwa unamharibia mtoto kifua, na hilo naomba mumeo amwambie mdogo wake, lisitoke kinywani mwako.

Kwa mama mkwe wako usibishane. Anamuogopea mjukuu wake, kama mimi. Mwambie naomba kuongea naye, unipe namba yake, nitampigia Jumapili baada ya ibada, tutazungumza kikubwa.

Karanga nimezitia kwenye kiroba cheupe kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kilo nane, na dagaa wakavu kwenye ndoo yenye mfuniko. Kesho basi la asubuhi. Mumeo aende kupokea yeye, wewe usinyanyue. Dagaa uwaoshe kwa maji ya moto, wana mchanga kidogo.

Mama yako