Mzio wa maziwa ya ng'ombe: kopo gani ununue, na yapi uyaache dukani

Mama wa Sakina, pole sana. Umesema mtoto ana miezi 3, anapata choo cha kamasi chenye michirizi ya damu, na daktari amekuambia ni mzio wa maziwa ya ng'ombe. Duka la dawa wamekuonyesha kopo la maziwa ya unga lisilo na laktosi, mama mkwe naye anasema mbuzi wapo nyumbani. Mimi niko Moshi. Wa kwangu alianza hivyo hivyo likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipoisha, nikarudi kazini na kumwanzishia kopo mchana.

Kopo lisilo na laktosi liache. Nililinunua mimi pia, nikampa siku 8, na kila nikifungua nepi nakuta ule uzi mwekundu kwenye kamasi. Laktosi ni sukari ya maziwa, na kinachomdhuru mwanao ni protini. Ukiondoa sukari, protini inabaki pale pale. Yapo hata maziwa maalumu ya mzio, Althera kwa mfano, ambayo yana laktosi ndani na watoto wa aina hii wanayatumia vizuri.

Maziwa ya mbuzi nayo hapana. Protini yake inafanana mno na ya ng'ombe, kwa hiyo wengi wanaodhurika na ng'ombe wanadhurika na mbuzi vilevile. Bibi yetu wa Kibosho hakunielewa mpaka nilipokwenda naye kliniki akaelezwa na daktari mwenyewe, basi jaribu hivyo na mama mkwe, asione umemdharau. Soya haishauriwi kabla ya miezi 6. Na ukiona herufi HA kwenye kopo (kifupi cha hypoallergenic, yaani yasiyochochea sana mzio) usidanganyike: protini yake imekatwa kidogo tu, haitoshi kwa mtoto ambaye tayari ana mzio.

Unachotafuta ni maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo sana, mwili wa mtoto usiitambue tena. Nutramigen, Aptamil Pepti na hayo ya Althera ni ya kundi hili, na watoto wengi mno wanatulia hapo. Kundi la pili ni la asidi amino, yaani chembe zinazojenga protini, kama Neocate na Alfamino, ambamo hakuna protini ya maziwa kabisa. Hayo bei yake ni kubwa zaidi, na daktari huyaandika pale kundi la kwanza linaposhindwa, au mtoto haongezeki uzito, au mzio wake ni ule mkali. Uliza wazi: mwanangu ni wa kundi gani, na kwa nini?

Ladha yake ni chungu na harufu inafanana na dawa. Wa kwangu alisukuma chupa kwa ulimi, akalia mpaka sauti ikakauka. Kilichonisaidia ni kuyatengeneza kwanza kwa maji kama kopo linavyoelekeza, kisha kuyachanganya na maziwa yangu niliyokamua, leo robo, keshokutwa nusu, mpaka akayazoea. Tumia kijiko cha kopo lile lile, vijiko havilingani. Choo kikigeuka kijani usishtuke, mengi ya maziwa haya hufanya hivyo.

Kama bado unanyonyesha, tafadhali usiache. Acha wewe maziwa: chai ya maziwa, mtindi, siagi, na huko kwenu loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando. Mwambie daktari akuandikie kalsiamu. Waambie na wanaokupikia, maana mimi niliwekewa siagi kwenye mtori kwa nia njema kabisa, nikajua siku ya pili mtoto alipoanza tena kujinyonganyonga.

Damu haikukatika siku moja. Kwetu ilichukua kama wiki 2, na wengine hufika 4. Baada ya hapo daktari alinitaka nimrudishie mtoto maziwa ya kopo la kawaida, ya ng'ombe, kidogo kidogo. Niliogopa, lakini siku ya tatu michirizi ikarudi, tukawa na uhakika. Usiruke hatua hii, kwa sababu kopo la gramu 400 kwetu lilikuwa linaisha kwa wiki, na hapo usiku alikuwa ananyonya. Yapo makopo niliyoagiza Dar yakaja na basi. Kununua hivyo mwaka mzima kwa mzio usiokuwepo ni kuumia bure. Ila kama mwanao aliwahi kuvimba midomo, kutoka vipele ghafla au kubanwa pumzi baada ya maziwa, jaribio hilo usilifanye nyumbani kabisa, lifanyike hospitali. Na yakimtokea sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Tuandikie uzito wake wa kliniki mbili za mwisho, na kama kuna siku alivimba au kutoka vipele. Majibu hayo daktari wako atayahitaji kabla hujalipia kopo lolote.