Ukinzani sifuri, lakini mita inasoma omu 25,813?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nimesoma kwamba kwenye vipande vyembamba vya MnBi2Te4 (fuwele ya manganizi, bismathi na teluri yenye usumaku wake yenyewe) umeme hupita ukingoni bila ukinzani, lakini grafu ileile inaonyesha omu elfu 25 na zaidi. Inawezekanaje? Na kwa nini matabaka matano, si manne?

Jibu: Marahaba. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Ukipima volti kati ya nukta mbili za ukingo mmoja, kwa kufuata mkondo, unapata ukinzani wa mbele, na huo ndio unaoshuka kuelekea sifuri. Ukipima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, unapata ukinzani wa Hall, ambao hutulia kwenye h/e² (h ni thabiti ya Planck, e ni chaji ya elektroni), yaani omu 25,812.807, kipande kiwe kikubwa au kidogo.

Kwa ndani kipande hicho ni kihami, hakipitishi umeme. Mawimbi ya elektroni zake yana namba ya Chern, inayohesabu jinsi mawimbi hayo yanavyojipinda, nayo ni namba kamili: hapa ni moja, na kwenye ombwe la nje ni sifuri. Namba kamili haishuki kidogokidogo. Ili ibadilike, pengo la nishati (masafa ya nishati yasiyo na nafasi ya elektroni, ndiyo yanayofanya kitu kiwe kihami) lazima lijifunge mahali fulani, na mahali penyewe ni ukingoni. Hapo huzaliwa njia ya elektroni inayoelekea upande mmoja tu. Elektroni ikikuta kasoro haina njia ya kurudi, hivyo huizunguka na kusonga mbele.

Upande huo huamuliwa na usumaku. Mwanafizikia Klaus von Klitzing, aliyeona ukinzani wa Hall ukitulia hivi mwaka 1980, alihitaji uga sumaku mkali kutoka nje. Mwananadharia Duncan Haldane akaonyesha kwa hesabu mwaka 1988 kwamba uga huo si lazima, mradi ulinganifu wa kugeuza wakati umevunjwa, yaani mwendo uliorudishwa nyuma usifanane na wa mbele, kama usumaku unavyofanya. Kundi la Xue Qikun, Beijing, likalipima jambo hilo mwaka 2013 kwenye filamu ya bismathi, antimoni na teluri iliyotiwa kromi ili iwe na usumaku, kwa takriban milikelvini 30. Kromi hiyo hutawanyika bila mpangilio, na kwangu huo ndio udhaifu mkubwa wa njia ile.

MnBi2Te4 inanivutia kwa sababu manganizi ina safu yake yenyewe katikati ya kila tabaka la safu saba za atomu. Tabaka moja usumaku wake huelekea juu, linalofuata chini, na kuendelea hivyo. Wengi huishia kusema kwamba matabaka manne hufutana na matano hubakiza moja. Ni kweli, ila tazama nyuso za kipande: kila uso huchangia nusu ya e²/h, kipimo cha upitishaji wa Hall (kinyume cha h/e²). Idadi ikiwa witiri, usumaku wa uso wa juu na wa chini huelekea upande mmoja, na nusu mbili hujumlishwa kuwa moja. Ikiwa shufwa, nusu hizo hupingana na jumla ni sifuri. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan walipima athari hiyo kwenye matabaka matano kwa kelvini 1.4 bila uga wa nje. Kwa kuongeza uga, athari hiyo ilidumu hadi kelvini 6.5.

Kwenye tasnifu yako usiandike "umeme usiotoa joto". Ukiunga waya mbili tu, utasoma zilezile omu 25,813, na joto litatokea pale waya zinapogusana na kipande. Tumia viunganishi sita: viwili vya mkondo na vinne vya volti. Ukinzani wa mbele ukigoma kushuka, chunguza kwanza kama elektroni zinapenya ndani ya kipande: punguza halijoto, kisha rekebisha volti ya geti, elektrodi inayobadilisha idadi ya elektroni kwenye kipande.