Usitupe Vigae: Jibu kwa Aliyepasukiwa Tanurini

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba sanamu yake ya kwanza ya udongo, kichwa alichokifinyanga kwa wiki tatu, imepasukia tanurini, na sasa anataka kuacha. Nilisoma ujumbe wake mara nne. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetoa tanurini mtungi mrefu kuliko yote niliyowahi kufinyanga, mzima, hauna ufa hata mmoja, na furaha yake bado ninayo. Lakini maneno yake yalinirudisha mbali.

Wahenga husema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nililia gaeni kwa maana ile nyingine, ya machozi. Kichwa changu cha kwanza kilipasuka kikaharibu na kazi za wenzangu watatu. Mwalimu akaokota kipande, akakiinua mbele ya darasa zima: "Huu ndio uvivu. Hakukanda udongo, kaacha hewa ndani." Nilikuwa nimekanda hadi viganja vikachubuka. Sikujibu. Mwaka mzima nikawa nakanda kama mtu anayetubu, na kazi zangu nene zikaendelea kupasuka.

Kilichonikomboa ni vigae vyenyewe, ambavyo sikuwa na moyo wa kuvitupa. Siku moja nilivipanga mezani nikaona vyote vimemegukia palipokuwa panene, shingoni na nyuma ya masikio. Penye kuta nyembamba palibaki pazima. Hewa haipasui udongo uliokauka. Kinachopasua ni maji. Yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na ndani ya udongo mnene hayapati pa kutokea.

Basi, ndugu yangu, komba sanamu yako kwa ndani udongo ungali mbichi, kuta zisizidi unene wa kidole. Ikaushe polepole. Iguse kwa shavu: ikiwa ya baridi, bado ina maji, hata kama macho yanakuambia imekauka. Tanuri likae chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa kabla hujaongeza moto. Na wakati wa kupoa usifungue kwa pupa, kwa sababu kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi, madini yaliyomo udongoni, hubadili umbo na kusinyaa ghafla, na hapo ufa huingia. Wafua kioo wanalijua hili kuliko sisi: kazi yao huhamishiwa kwenye tanuri la kupozea, karibu na nyuzi 500, kisha joto hushushwa taratibu, la sivyo hupasuka yenyewe.

Basi, ijue malighafi unayoishika. Tazama kazi za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya. Hujenga vyombo vyake kwa mikono, bila gurudumu, huvisugua hadi ving'ae, na udongo uleule hutoka mwekundu moto ukipata hewa ya kutosha, au mweusi moto ukinyimwa hewa. Hata sanaa ya usakinishaji, ile inayopangwa ikajaza ukumbi mzima, haiikwepi malighafi yake. Mwaka 2010 Ai Weiwei, msanii wa China, alitandaza mbegu za alizeti milioni 100 za kauri katika ukumbi wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Watu walikaribishwa kutembea juu yake, na baada ya siku chache wakazuiwa kwa sababu ya vumbi. Vumbi la kauri huharibu mapafu. Kwa hiyo nawe usifagie karakana kavukavu. Futa kwa kitambaa chenye maji, kila siku, bila kuona uvivu.

Vijana wengi siku hizi wanataka picha ya kazi iliyokamilika tu. Wanataka sifa kabla ya moto. Usiwe hivyo. Uliza kwa nini, na anayekuaibisha mbele za watu badala ya kukujibu, usimwachie neno la mwisho juu ya mikono yako.

Kile kipande mwalimu alichokiinua ninacho mpaka leo. Ni sikio la kushoto, na nyuma yake udongo una unene wa vidole vitatu.