Maswali na majibu: Usiku wa kwanza wa kuhesabu karata

Tangu nianze kufundisha vijana hesabu ya karata za ishirini na moja, mchezo wa kuikaribia 21 kuliko mgawaji bila kuipita, ambao kasino za Nairobi huuita blakijeki, maswali hayaniishi. Mhesabuji hufuatilia karata zilizotoka ili ajue kama kubwa bado zimebaki nyingi, kwa kuwa hizo humsaidia mchezaji. Wengi wanaoniuliza wamejaribu mara moja tu, na wametoka wakiwa wameumia. Nimechagua machache.

*Mwalimu, nilijifunza kwa wiki mbili. Karata ya 2 hadi 6 najumlisha moja, 7 hadi 9 naziacha, 10, J, Q, K na esi natoa moja. Nyumbani sikosei. Jumamosi nikaingia kasino Westlands na shilingi 8,000, na kabla karata hazijafika nusu sikujua tena niko wapi. Nilitoka na 1,500. Nilikosea wapi? Kijana wa Kayole.*

Hesabu unaijua, kijana wangu. Kilichokuangusha ni jinsi ulivyofanya mazoezi. Nyumbani ulikuwa unafunua karata moja moja, kwa mwendo wako, chumba kimya. Mezani mgawaji anawalazia watu watano karata kumi kwa sekunde chache, mhudumu anakuuliza unakunywa nini, na jirani amenuna kwa sababu umechukua karata aliyoitaka yeye. Mimi usiku wangu wa kwanza hesabu ilinipotea kwa salamu. Nilikuwa nimeshika +4, mgawaji akaniuliza habari za jioni, nikamjibu, na niliporudi kichwani sikuikuta ile namba.

Mtazame makanga wa matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni. Anapokea noti, anarudisha chenji, anagonga bodi dereva asimame, na bado anajua ni nani kule nyuma hajalipa. Hamhesabu abiria mmoja mmoja, anavisoma viti safu kwa safu. Nawe soma karata kwa jozi. K na 5 zikilala pamoja zimefutana, zipite. Q, 3 na 8 ni sifuri. J na esi ni kutoa mbili. Jicho likizoea, mikono mingi itakujibu sifuri au moja kabla hujaanza kujumlisha.

Kwa hiyo chukua pakiti nzima ya karata 52, zifunue mbili mbili, na usipumzike mpaka umalize ndani ya sekunde 30. Hesabu lazima iishie sifuri, kwa kuwa karata ndogo ziko 20 na kubwa ziko 20. Ukitaka kujipima, toa karata moja ukiwa umeifunika, kisha uhesabu zilizobaki. Ukiishia +1, uliyoificha ni kubwa. Ukiishia -1, ni ndogo. Ukiliweza hilo, washa redio na umwombe mdogo wako akuulize maswali ya shule huku ukihesabu.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja, nami nadhani ndilo lililokula pesa zako. Je, ulipopata 16 na mgawaji ameonyesha 10, ulisita? Ulipopata 12 dhidi ya 4 yake? Majibu ya mikono hiyo yalishapigiwa hesabu tangu miaka ya 1950, na lazima uwe nayo kama jina lako. Kwa 16 dhidi ya 10 unaongeza karata, ingawa inauma. Kwa 12 dhidi ya 4 unatulia. Jozi ya 8 unaigawa mikono miwili. Ukianza kuwaza hapo, hesabu inamwagika. Mtu anayecheza hivyo bila kosa, hata asiyehesabu, huipunguza faida ya kasino hadi karibu nusu shilingi kwa kila mia anayoweka. Anza na hilo, kisha kuhesabu kufuate.

*Nilifika +6, nikapandisha dau mara tano kama inavyofundishwa. Nilipoteza mikono minne mfululizo. Hii hesabu si uongo? Mhasibu, South B.*

Si uongo. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, aliipigia hesabu mbinu ya kuhesabu karata kwa kompyuta ya IBM 704 pale chuo cha MIT na kuichapisha kitabuni mwaka 1962, na tangu hapo hakuna aliyeikanusha. Lakini wewe mhasibu utanielewa nikikuuliza, +6 kati ya ngapi?

Kisanduku cha pakiti sita kina karata 312. Ukiwa na +6 huku pakiti tano bado hazijatoka, igawe sita kwa tano, upate kama 1.2. Hiyo ndiyo hesabu halisi, na kwenye +1 wewe na kasino mko karibu sawa. Hapakuwa na sababu ya kupandisha dau mara tano. Ukiwa na +6 ileile huku zimebaki pakiti mbili, hesabu halisi ni +3, na hapo meza imekugeukia kweli. Kila nukta moja ya hesabu halisi hukuongezea takriban nusu ya asilimia moja. Kosa la kusahau kugawa nimelikuta kwa karibu kila anayeanza.

Tuseme uligawa sawasawa. Bado ungeweza kupoteza minne mfululizo. Hata meza ikiwa nzuri, mchezaji hupoteza mikono mingi kuliko anayoshinda. Faida yake hutoka kwingine. Karata kubwa zikibaki nyingi, esi na kumi hukutana mara nyingi zaidi na mkono huo hulipwa 3 kwa 2, yaani dau la 500 linaleta 750. Unapoongeza dau maradufu ukiwa na 11, kumi iko karibu kuja. Na mgawaji, ambaye lazima aongeze karata akiwa na 16 kushuka chini, anapita 21 mara nyingi zaidi, wakati wewe una ruhusa ya kutulia.

Sasa weka namba. Mikono 100, dau la 500, faida yako ni asilimia 1. Unatarajia kupata 500. Lakini kupanda au kushuka kwa 5,500 katika mikono hiyohiyo 100 ni jambo la kawaida kabisa. Mtaji wa 8,000 wa yule kijana wa Kayole ni madau 16 tu, na ungeweza kuisha akiwa amecheza bila kosa hata moja. Wanaoishi kwa kazi hii hutenga mamia ya madau, pesa ambazo zikipotea zote hakuna mtoto anayelala njaa. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo siku ya kwanza, na wengine hawarudi siku ya pili.

*Kasino niliyokwenda, karata zikishachezwa mgawaji anazirudisha kwenye mashine papo hapo. Nihesabu vipi? Msomaji wa Lang'ata.*

Usihesabu. Mashine hiyo huchanga karata mfululizo, kwa hiyo zilizopita zinaweza kutoka tena mkono unaofuata. Tafuta meza yenye kisanduku cha kawaida, au rudi nyumbani. Na ukikuta imeandikwa kwamba esi na kumi hulipwa 6 kwa 5, usikae hata kama kiti ni kizuri. Dau la 500 litakuletea 600 badala ya 750, na pengo hilo hesabu yako haiwezi kulijaza.

*Nikikamatwa nikihesabu nitafungwa? Fundi simu, Luthuli.*

Kuhesabu kwa kichwa si wizi. Hujagusa karata, hujaficha chochote, umetazama kile ambacho kila mtu mezani anakiona. Mwaka 1982 mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliamua kwamba kasino haikuwa na haki ya kumfukuza Ken Uston kwa sababu tu ya kuhesabu. Katika jimbo la Nevada, hukohuko Marekani, kasino humwambia mhesabuji aondoke, basi. Nawe ukiambiwa na msimamizi kwamba kwa leo meza hii basi, usibishane. Badilisha tokeni zako, uage, uite boda. Simu yako iache mfukoni muda wote. Kifaa ni jambo jingine kabisa, na Nevada kukitumia mezani ni kosa la jinai.

*Mwalimu, mbinu hii inaweza kufanya kazi kwenye Aviator? Kuna jamaa anauza utabiri kwa 1,000. Mwendesha boda, Githurai.*

Haiwezi, na huyo jamaa anakuibia.

Umecheza kadi kijiweni, najua. Unajua pakiti ina 2 nne. Zikishapita zote, huogopi tena kuokoteshwa kwa 2, hata mpinzani akutishe vipi. Umelijua hilo kwa sababu karata iliyotoka haipo tena mkononi mwa mtu. Blakijeki ni hivyohivyo mpaka karata zichangwe upya. Kila karata inayotoka inabadilisha zilizobaki, na hapo ndipo mhesabuji anapopata riziki yake.

Aviator, ule mchezo wa kamari wa mtandaoni wa ndege inayopaa, haina pakiti. Mzunguko wa saa hii haujui kilichotokea kwenye uliopita, na ikianguka mapema mara kumi, ya kumi na moja haina deni nawe. Hakuna kilichopungua, basi hakuna cha kuhesabu. Hali ni hiyo kwenye mashine za kuvuta na kwenye ruleti. Hiyo 1,000 tia mafuta, ndugu yangu.

*Mwanangu yuko chuo mwaka wa pili. Amecheza karo ya muhula, anasema amejifunza kuhesabu na atairudisha yote mwezi huu. Nimwamini? Mama, Umoja.*

Pole sana, mama. Usimwamini kuhusu mwezi huu. Hata kama anahesabu vizuri, umeona hapo juu jinsi pesa inavyopanda na kushuka. Hakuna mhesabuji anayeweza kuahidi mwezi, na anayejua kazi hii hathubutu kuahidi. Anayeharakisha kurudisha alichopoteza huongeza dau kwa uchungu, na uchungu haujui +1 wala -1.

Mwombe akuonyeshe daftari lake. Anayehesabu kweli huandika kila kikao, saa alizokaa, dau dogo na kubwa, alichoingia nacho na alichotoka nacho. Kama daftari halipo, mwanao anacheza kamari kama wengine, na neno kuhesabu amelipata ili aweze kuendelea. Usimkopee. Karo mtakayopata ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, isipite mkononi mwake. Kisha mkae na mtu wa ushauri nasaha, vyuo vingi wanao, na uende naye wewe mwenyewe. Usimpeleke kwa aibu, maana kijana aliyeaibishwa hujificha, na akijificha atacheza usiku.

*Nataka kujifunza nyumbani tu, kwa kupenda hesabu. Ninunue karata gani? Msichana wa kidato cha nne, Kasarani.*

Umenifurahisha. Karata za duka la mtaa zinatosha. Toa jokeri, na usijali kopa, shupaza, uru wala pau, hapa zote ni sawa. Hakikisha tu ziko 52. Mwanafunzi wangu mmoja aliishia -1 kila jioni kwa wiki nzima, akaanza kudhani hana kichwa cha hesabu. Tulipozipanga mezani, tukakuta 4 moja haipo.