Kabla ya Kutaja Njia, Jua Tabia ya Kila Kitu Kwenye Mchanganyiko

Juzi binti wa kidato cha pili kutoka Kondoa ameniandikia. Amekariri njia zote za kutenganisha michanganyiko, kuanzia kuchuja hadi kromatografia, lakini mtihani wa mwezi ulipoleta mchanga, chumvi na unga wa chuma kwa pamoja, aliandika "kuchuja", basi, akakosa alama zote. Anauliza kama aachane na kemia. Mdogo wangu, usiiache. Nakujibu hapa kwa sababu najua mko wengi.

Jiulize kwanza kila kitu kina tabia gani ambayo mwenzake hana. Chuma huvutwa na sumaku. Chumvi huyeyuka kwenye maji. Mchanga hauna hata moja kati ya hizo. Anza na sumaku mchanganyiko ungali mkavu, na uizungushie karatasi ili chuma kibanduke kirahisi. Ukitanguliza maji, unga wa chuma utalowa ushikamane na mchanga, utasumbuka bure. Chuma kikishatoka, tia maji, koroga, chuja. Mchanga unabaki juu ya karatasi, maji ya chumvi yanapita. Yavukize, chumvi unayo.

Mimi haya nilianza kuyasikia nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Bahi, na Wagogo wa zamani walijitengenezea chumvi kutokana na udongo. Alinisimulia jinsi walivyokwangua udongo wenye chumvi wakati wa kiangazi, wakautia kwenye chombo chenye matundu chini, wakaumwagia maji, na yaliyodondoka wakayachemsha kwenye chungu mpaka chumvi ikabaki. Kuyeyusha, kuchuja, kuvukiza, yote matatu, na bibi hakuwahi kukanyaga maabara. Mada ilipofika darasani niliipokea kama mambo ya kwetu.

Ndiyo maana iliniuma sana siku ya somo la kukeneka, yaani kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena. Tuliambiwa tuchemshe maji na kusoma kipimajoto. Yangu yalitokota, kipimajoto kikasimama kwenye 96. Nikaandika 96. Mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika 100, akasema mbele ya darasa zima kwamba mtoto wa kijijini hata kusoma kipimajoto hajui. Walioandika 100 bila kutazama chochote wakapata vema. Miaka imepita, lakini nikiikumbuka siku ile moyo bado unachoma. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hapa ni ndogo kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo maji huchemka mapema, karibu na nyuzi 96. Zile 100 ni za usawa wa bahari. Nilikuwa sahihi, na leo kemia naifundisha mimi.

Kukeneka kwenyewe kunategemea tabia hiyohiyo ya kuchemka. Kwenye usawa wa bahari ethanoli huchemka kwa nyuzi 78, maji 100. Ukikeneka divai ya zabibu zetu za Dodoma, mvuke unaotangulia huwa na ethanoli nyingi kuliko divai yenyewe. Huku kwetu juu viwango vyote viwili hushuka, ila tofauti kati yao inabaki. Mafuta ya alizeti na maji je? Hayachanganyiki, na mafuta ni mepesi, yanaelea. Funeli yenye koki chini inatosha. Nasema tena: tabia kwanza, njia baadaye. Ukiona swali lina vitu vitatu, tafuta tabia za vyote vitatu kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mtihani ukiuliza maji safi huchemka kwa nyuzi ngapi kwenye kanieneo ya kawaida, andika 100. Ukiwa maabara, andika ulichokiona kwa macho yako, hata kama darasa zima limeandika kingine. Nanyi walimu wenzangu wa Dodoma na Singida, mwanafunzi akiwaletea 96 msimkatie. Mwulizeni shule yenu iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, kisha mpeni alama zake.